Kabla Hujanunua Kompyuta ya Kuhariria, Jua Kwanza Kazi Yako Inakwama Wapi

Habari yako mtazamaji, karibu. Leo tunachagua kompyuta ya mezani kwa ajili ya kazi za ubunifu: kuhariri video, picha, grafiki, muziki, katuni za 3D. Sitakutajia mashine moja nikasema hii ndiyo yenyewe, maana mtu wa muziki na mtu wa katuni hawabanwi na kitu kimoja. Nataka ukifika kwa muuzaji, wewe ndiye uwe unauliza maswali.

Hatua ya kwanza haifanyiki dukani. Washa kompyuta unayotumia sasa, hata kama ni mkweche, au omba ya rafiki. Fungua mradi wako mzito kuliko yote, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Inakuja Task Manager. Ingia kwenye Performance. Sasa rudi kwenye programu yako, cheza video, ongeza efekti, anza kuitoa iwe faili kamili, huku jicho likiwa kwenye grafu hizi. Tazama mfano huu kwenye skrini: prosesa, ule ubongo wa kompyuta, iko asilimia 40, imetulia tu. Kadi ya picha nayo haina neno. Ila RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayobeba kazi uliyoifungua, ona, imejaa mpaka juu, na diski iko asilimia 100. Hizo mbili ni ugonjwa mmoja: RAM ikijaa, Windows huanza kuhamishia data kwenye diski, na diski haiwezi kasi ya RAM. Mwenye grafu kama hizi akinunua prosesa mpya, amepoteza hela yake. Kwenye Mac utatumia Activity Monitor, sehemu ya Memory, uangalie rangi ya Memory Pressure. Ikibaki kijani uko salama. Ikiwa nyekundu, RAM haikutoshi.

Fanya jaribio hili kwa kazi yako halisi, si kwa video fupi ya majaribio. Andika kilichojaa kwanza. Karatasi hiyo ndiyo utakayokwenda nayo kununua.

Hatua ya pili, taja programu yako. Photoshop ya picha na After Effects ya efekti za video hupenda prosesa ambayo kila kori yake, yaani kila kitengo cha kazi ndani yake, ina kasi, pamoja na RAM nyingi. Kori 16 za polepole hazitakusaidia sana. DaVinci Resolve, ya kuhariri video, hutupa mzigo mkubwa kwenye kadi ya picha. Blender ya 3D, ukitengeneza picha za mwisho kwa injini yake ya Cycles, vivyo hivyo. Kwa muziki, kadi ya picha ni pambo. Hapo unataka prosesa yenye kasi, RAM ya kubeba vyombo vilivyorekodiwa, na mashine isiyovuma, kwa sababu maikrofoni ikiwa chumba hichohicho itakurekodia feni.

Sasa prosesa, na hapa ndipo watu wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Utaambiwa, "Hii ni i7, kaka, chukua." Uliza i7 ya kizazi gani. i7-2600 ilitoka mwaka 2011, ina kori 4. i5-12400 ilitoka mwaka 2022, ina kori 6, na kila moja inaiacha mbali ile i7 ya zamani. Kwa majina hayo ya Intel, tarakimu zilizo kabla ya zile tatu za mwisho ndizo kizazi: 2600 ni cha 2, 12400 ni cha 12. Mashine mpya zaidi za Core Ultra zimebadilisha mpangilio wa majina, kwa hiyo hizo utafute mwaka zilipotoka.

Kisha tazama herufi ya mwisho. Hii hapa, naikuza uione: i5-12400F. Hiyo F maana yake prosesa haina kitengo cha picha ndani yake. Muuzaji atakwambia si tatizo, kadi ya picha ipo. Kwa mcheza gemu, sawa. Kwa mhariri wa video ni suala jingine, kwa sababu kitengo hicho ndicho chenye Quick Sync, ile njia ya kufungua video zilizobanwa kwa mitindo ya H.264 na H.265 bila kuitwisha prosesa mzigo. Kamera nyingi za kisasa zinarekodi H.265 ya biti 10 yenye rangi za 4:2:2, yaani zenye taarifa nyingi zaidi za rangi, na kadi za Nvidia zilianza kufungua aina hiyo kwenye RTX 50 tu, mwaka 2025. Prosesa ya Intel ya kizazi cha 12 yenye kitengo chake cha picha inaifungua. Kwa hiyo unaweza kukuta mtu ana kadi ya bei mbaya na video bado inakatakata, kisa herufi moja.

Twende kwenye RAM. Hapa nitakaa kidogo, tupige hesabu pamoja. Fremu moja ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, yaani zaidi ya milioni 8. Kila pikseli inabeba nyekundu, kijani, bluu na uwazi, baiti 1 kwa kila kimoja kwenye mradi wa biti 8. Zidisha, unapata takriban MB 33 kwa fremu moja. Kwa fremu 30, sekunde moja tu ya video inakula karibu GB 1. Faili lako kwenye diski ni dogo kwa sababu limebanwa. Likifunguliwa ili uliguse, ndiyo ukubwa huo. Pandisha mradi hadi biti 16, mara mbili yake. After Effects inapohifadhi fremu ilizokwisha kuandaa ili ikuchezee bila kukwama, inazihifadhi zikiwa zimefunguka namna hiyo. Ndiyo maana GB 8 hazifiki popote. Kwa picha na video za HD, GB 16 zinakwenda. Kwa 4K, mimi nasema 32. Kwa After Effects nzito au 3D kubwa, 64. Na zinunue kama vijiti viwili, si kimoja: viwili vinapitisha data kwa njia mbili sambamba. Uliza pia bodi mama ina nafasi ngapi za RAM. Zikiwa 4, unabaki na mbili za kesho. Kwenye Mac za sasa kama Mac mini RAM haiongezwi baada ya kununua, kwa hiyo ukienda huko, amua siku hiyohiyo.

Kadi ya picha sitakaa nayo sana. Angalia kumbukumbu yake yenyewe, ile VRAM, kabla ya jina. GB 8 ni mwanzo. Kwa 4K yenye efekti nyingi au 3D, tafuta 12 au zaidi. VRAM ikiisha, Resolve inakuandikia wazi kwamba kumbukumbu ya kadi imejaa, na kazi inasimama.

Diski. Video ya megabiti 100 kwa sekunde ni MB 12.5 kwa sekunde, ambayo ni GB 45 kwa saa moja ya kurekodi. Ukiangalia kasi peke yake utasema diski ya kuzunguka inatosha, maana inatoa kama MB 100 hadi 200 kwa sekunde. Inaposhindwa ni kwenye kurukaruka: kamera tatu kwenye taimulaini moja, sauti kando, picha ndogondogo za onyesho, vyote vinaitwa kwa wakati mmoja kutoka sehemu tofauti. SSD, diski isiyozunguka, ikiunganishwa kwa kebo ya SATA inafika kama MB 550 kwa sekunde, na NVMe nyingi, SSD zinazochomekwa moja kwa moja kwenye bodi mama, huvuka 3000. Weka Windows, programu na mradi unaoufanyia kazi kwenye NVMe, na kazi zilizokwisha kwenye diski kubwa ya kuzunguka. Kisha nakala nyingine nje ya kompyuta kabisa. Hilo halina mjadala.

Ukiwaza kununua iliyotumika, zile ndogo za ofisini, fungua kasha kwanza. Nyingi zina pawasaplai ya umbo lake peke yake na nafasi finyu. Kadi kubwa ya picha haiingii, na ikiingia umeme hautoshi. Angalia kama inakubali Windows 11: inataka TPM 2.0, kitengo cha usalama cha kompyuta, na kwa Intel kwa kawaida kuanzia kizazi cha 8. Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Halafu weka programu ya CrystalDiskInfo, ni ya bure, uone afya ya diski na saa ilizokwisha kuwaka. Muuzaji akikuzuia, ondoka.

Skrini: chukua ya IPS, aina isiyobadilisha rangi ukiitazama kwa pembeni, inayofikia asilimia 100 ya sRGB, kipimo cha kawaida cha rangi. Kama rangi ndiyo kazi yako, punguza kwingine upate hii.

Mashine imefika? Kebo ya skrini ichomeke kwenye kadi ya picha, chini huku, si juu kwenye bodi mama. Washa, ingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya bodi mama kabla Windows haijawaka, tafuta XMP au EXPO, mpangilio wa kasi ya RAM, uiwashe, la sivyo RAM itakwenda kwa kasi ndogo kuliko uliyolipia. Kisha fungua ule mradi mzito, Ctrl, Shift, Esc, na safari hii uiache itoe video nzima huku ukisikiliza feni na kutazama joto, wakati bado una muda wa kuirudisha.