Mkate wa sinia, moto juu moto chini

ZUHURA: Asalaam aleikum wasikilizaji wetu, karibuni barazani. Leo mimi na kakangu Athmani tuna mkate wa sinia tu, ule wa mchele na tui la nazi, hatuna jengine.

ATHMANI: Waaleikum salaam. Dada Zuhura, Ramadhani nzima nimeutafuta ule wa utotoni. Hapa Mombasa nimekula wa mtaa wa Kibokoni, nimekula wa Majengo. Mitamu yote, lakini harufu ile sikuipata.

ZUHURA: Harufu ya makaa.

ATHMANI: Makaa, eh!

ZUHURA: Sasa wengi wanaoka kwa oveni ya gesi. Unaiva, siupingi. Lakini mkate ule haki yake ni moto juu, moto chini. Nyanya akiteleka sufuria kwenye jiko la makaa, samli ikipata moto anamimina rojo, anauwacha polepole. Ukishatoboka vitundu na uso kuanza kukauka, anafunika kwa sinia la bati na kupalia makaa juu yake. Hapo ndipo unapogeuka rangi, na iliki inanukia mpaka barazani.

ATHMANI: Nasi watoto tukifukuzwa jikoni. "Msikimbie hapa, mkate utabonyea!"

ZUHURA: Walijua walisemalo. Mchele hauna mnato wa ngano wa kuzuia hewa. Rojo likishaumuka, basi, teleka. Ukizubaa linachacha, na mkate unakuwa bapa. Na usifanye ubahili wa nazi! Mchele vikombe 2 uliolowekwa usiku kucha, tui kikombe 1 na kidogo, tena tui la kwanza, zito. Tui jepesi halitoi mkate wa maana.

ATHMANI: Na kabla ya blenda?

ZUHURA: Kinu, kaka. Mchele uliorowa unatwangwa, unachekechwa, chenga zinarudi kinuni. Nazi inakunwa kwa mbuzi, inakamuliwa kwa kifumbu. Na wenyewe wamefunga, na jua la Mombasa walijua. Mimi nikiwakumbuka mama zile nawaombea dua, wallahi.

ATHMANI: Amin. Halafu alasiri unatumwa: "Peleka sahani hii kwa jirani." Mji wa Kale nyumba zimebanana, ni kuvuka kichochoro tu. Na sahani hairudi tupu. Umepeleka mkate, unarudi na kaimati au vitumbua.

ZUHURA: Kila nyumba na mkono wake. Ukila kipande ushajua kimetoka kwa nani.

ATHMANI: Ndiyo maana naona uchungu, dada. Wakati wa futari mtu ananunua kipande njiani, anakula, yamekwisha. Aliyepika hamjui. Mimi nimemwambia mama: Jumamosi hii nakaa nawe jikoni, unionyeshe kupalia. Mwanamume nami nijue.

ZUHURA: Vizuri sana! Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, usisahau. Chini ukizidisha, unaungua kabla juu hakujashika.

ATHMANI: Na ute wa yai? Mama hutia.

ZUHURA: Kwetu yai halikuingia hata siku moja. Mchele, tui, sukari, hamira, iliki.

ATHMANI: Ute unaulainisha, dada!

ZUHURA: Na harufu ya yai je? Inaifunika nazi. Kwa hili sikubaliani nawe, wala na mama, nisamehe.

ATHMANI: Basi wiki ijayo tuipike yote miwili. Wasikilizaji, tutumieni sauti: kwenu yai liliingia au halikuingia?