Mjusi wa Ukutani na Chura wa Mtaroni: Kumtambua Mwenyeji na Mgeni

Ndugu wasikilizaji,

Jioni hii naomba tuwaangalie wanyama wawili ambao bila shaka karibu kila mmoja wetu amewaona wiki hii: mjusi kafiri anayewinda wadudu karibu na taa, na chura mwenye ngozi ya vinundu anayejificha mtaroni. Nimewachagua hao, wala si chatu au kobe, kwa sababu husafiri pamoja na mizigo ya binadamu kuliko tunavyodhani. Tena wanatufundisha jambo ambalo nimelishikilia kwa miaka mingi, kwamba mnyama hana alama ya ugeni mwilini mwake. Mwili na sauti vinatuambia spishi yake tu. Ugeni tunaujua tukishauliza amepatikana wapi.

Tuanze na mjusi. Katika kuta za miji yetu ya pwani tunaye Hemidactylus mabouia, ambaye ni mwenyeji wa Afrika. Jina hilo la kisayansi alilipata mwaka 1818 kutokana na mijusi walioonekana katika visiwa vya Karibi, ng'ambo ya Atlantiki, ambako anahesabiwa kuwa mgeni. Sayansi ilimpa jina ugenini kabla ya kumjua kwao.

Anayefanana naye ni Hemidactylus frenatus, ambaye asili yake ni Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki, na ambaye sasa anaishi katika bandari nyingi za nchi za joto, pwani ya Kenya ikiwemo. Usiku wote wawili huwa weupe au wa kijivu hafifu, na rangi hiyo hubadilika kufuatana na mwanga na joto, hivyo anayetegemea rangi atakosea. Mkia nao si shahidi wa kutegemewa, kwa kuwa wote wawili wana vinundu vyenye ncha mkiani, na mkia uliokatika ukaota upya huwa hauna vinundu hivyo. Tazameni mgongo. Mabouia ana safu nyingi za vinundu vilivyoinuka kuanzia shingoni hadi kiunoni, ilhali mgongo wa frenatus unakaribia kuwa laini, wenye vinundu vichache vidogo. Kisha zimeni redio na msikilize: frenatus hutoa mlio mkavu wa kurudiarudia, chak-chak-chak, unaosikika hadi chumba cha pili, na mabouia ni mkimya zaidi.

Kwa nini mijusi hawa wamefika mbali hivyo? Jike hutaga mayai mawili yenye ganda gumu lisilokauka upesi, akayaficha katika ufa; na ufa huo huweza kuwa wa mbao, wa kreti au wa kontena lililo njiani kwenda melini. Wala si msafiri asiye na madhara. Huko Mauritius, frenatus amechangia kupungua kwa mijusi wa usiku wa jenasi (yaani kundi la spishi) ya Nactus, ambao spishi zao za huko hazipatikani popote pengine duniani isipokuwa katika visiwa hivyo vya Bahari ya Hindi.

Chura wetu, Sclerophrys gutturalis, anatuonyesha jambo hilihilo kwa upande wa pili. Yeye ni mwenyeji kuanzia Kenya hadi mashariki mwa Afrika Kusini. Mwaka 1922 alichukuliwa kutoka Durban, bandari ya Afrika Kusini, akapelekwa Mauritius ili ale wadudu waharibifu wa miwa, na mwaka 1927 akafikishwa Réunion, kisiwa jirani. Karibu na mwaka 2000 akaonekana Cape Town, mji ulio katika nchi yake mwenyewe lakini nje ya makazi yake ya asili, naye huko ni mgeni kamili. Nawaomba mlizingatie hilo, kwa sababu wengi hudhani kwamba ugeni hupimwa kwa mipaka ya mataifa.

Cape Town ndiko kosa la utambuzi linakogharimu uhai. Huko anaishi chura mwingine, Sclerophrys pantherina, aliye hatarini kutoweka, na mtu anayetaka kumwondoa mgeni kwa nia njema huweza kumuua huyo mwenyeji. Gutturalis ana mabaka meusi kichwani yaliyopangwa mawili mawili, na nafasi iliyobaki kati yake huonekana kama msalaba wa rangi hafifu. Nyuma ya mapaja yake huwa na wekundu. Pantherina hana msalaba huo wala wekundu wa mapajani, na mabaka yake makubwa ya hudhurungi yamezungukwa na ukingo wa njano.

Mwenyeji mwingine aliyefanywa mgeni ni kinyonga wa Jackson, ambaye dume lake lina pembe tatu na ambaye jike lake huzaa watoto badala ya kutaga, fahari ya nyanda za juu za Kenya. Mwaka 1972 alipelekwa Hawaii kwa biashara ya wanyama wa kufugwa, akaachiwa bustanini, na sasa anakula konokono wa asili ambao visiwa hivyo vinahangaika kuwaokoa. Naumia kila ninaposikia akiitwa kiumbe mwovu, kwani hakujipeleka.

Kuhusu nyoka nitasema neno moja tu: hakamatwi ili atambuliwe. Wengi wa kijani hufanana, na mmoja wao ni mamba wa kijani, ambaye sumu yake huua. Picha ya mbali inatosha.

Kwa mjusi na chura, pigeni picha tatu: mgongo kutoka juu, kichwa kutoka ubavuni, na vidole au mapaja kwa karibu. Rekodini sauti kwa simu. Andikeni tarehe na mahali, tena si jina la wilaya tu, bali kama ni ukuta wa ghala, mtaro wa soko au gome la mti msituni, kwa kuwa frenatus aliyeonekana msituni, mbali na nyumba, ni habari nzito kuliko kumi walioonekana bandarini.

Tochi ziko mezani karibu na mlango. Ukuta wa nyuma wa jengo hili una taa mbili, na tulipokuwa tukiingia nilisikia mlio. Twendeni tukautazame mgongo wake.