Rimoti ya masafa marefu: kuwasha mashine usiyoiona

Wazee wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu na wakulima, habari za tangu asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie rimoti za mkononi za masafa marefu, hizi zenye antena ya kuvuta, ambazo siku hizi zinafungwa sana kwenye pampu za umwagiliaji. Sababu ya kupendwa kwake iko wazi. Kisima kiko bondeni, vitunguu viko juu mlimani. Mtu akitaka kuhamisha mpira kutoka jaruba moja kwenda jingine, anashuka kuzima, anapanda, anahamisha, anashuka tena kuwasha. Jua linazama na nusu ya shamba bado kavu. Akipata kifaa cha kumwezesha kuwasha na kuzima akiwa palepale kwenye jaruba, amepumzisha magoti yake na ameokoa dizeli au umeme.

Lakini kuna jambo ambalo muuzaji hamwambii mteja, na ndilo lililonileta hapa. Nyingi ya rimoti hizi zinatuma tu, hazipokei chochote. Ukibonyeza, kitaa chekundu kinawaka. Kitaa hicho kinakueleza kwamba betri imepeleka umeme ndani ya rimoti. Hakikuelezi kama pampu imesikia, kama mota imezunguka, wala kama maji yametoka.

Nikola Tesla alipoonyesha watu chombo kinachoongozwa kwa redio, mwaka 1898 pale Madison Square Garden, New York, chombo chenyewe kilikuwa mashua ndogo ndani ya bwawa, na watazamaji waliizunguka wakiiona inavyogeuka. Sisi leo tumepata umbali ambao watu wale hawakuuwazia, na kwa umbali huo tumepoteza jicho. Kwa hiyo ufungaji wetu wote lazima uanzie hapo: anayebonyeza haoni.

Tuanze na masafa. Kwenye boksi wameandika mita 1000, mita 2000, wengine zaidi. Hiyo ni kwenye uwanja wazi, hakuna mti, hakuna kilima, hakuna bati. Rimoti nyingi hizi hutumia 433.92 megahezi, ambapo urefu wa wimbi moja ni kama sentimita 69. Wimbi hilo halipiti kama uzi uliovutwa kutoka mkononi kwako hadi kwenye kipokezi, yaani kile kisanduku cha kwenye pampu kinachosikia rimoti. Linahitaji nafasi pembeni, juu na chini. Kwa umbali wa kilomita moja, pale katikati nafasi hiyo inafika kama mita 13 kila upande wa mstari. Mahindi yaliyokomaa, migomba yenye majani mabichi, tuta la ardhi, vyote vinaingia humo na kula nguvu ya wimbi. Ndiyo maana mtu anafunga mwezi wa tisa shamba likiwa tupu, mambo safi kabisa, halafu mwezi wa tatu anampigia fundi kwamba rimoti imekufa. Rimoti haijafa. Mahindi yameota.

Watu wengi dawa wanayoijua ni kutafuta rimoti yenye wati nyingi. Nawasihi msikimbilie huko. Hata kwenye uwanja wazi, ukitaka kuongeza umbali mara mbili unahitaji nguvu mara nne. Halafu kuna sheria: masafa ya redio yanasimamiwa, hapa kwetu Tanzania na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kifaa cha redio kinatakiwa kiwe na idhini. Ulaya, kwenye masafa haya ya megahezi 433, vifaa vidogo kwa kawaida vinaruhusiwa miliwati 10 tu, na bado mageti yao ya rimoti yanafunguka.

Faida kubwa iko kwenye antena ya kipokezi, na hapo ndipo nakuta kazi mbovu kuliko mahali pengine popote. Fundi anachukua kipokezi, anakifunga ndani ya paneli ya chuma, waya wa antena anaukunja vizuri kando ya kontakta, ile swichi kubwa inayopeleka umeme kwenye mota, anafunga mlango. Chuma kinazuia wimbi. Ni sawa na kumwita mtu aliyejifungia ndani ya kontena. Toa antena nje ya paneli kwa kebo ya redio, ipandishe kwenye nguzo mita nne au tano, isimame wima. Kama antena ni waya tu, robo ya wimbi ni kama sentimita 17. Usiukate ukidhani umezidi, usiuongeze ukidhani utavuta zaidi. Nguzo ya bei ndogo itakupa masafa ambayo rimoti ya bei kubwa haitakupa.

Na mkononi je? Vuta antena yote. Shika rimoti wima, kwa kuwa na ile ya kipokezi imesimama wima. Usielekeze ncha ya antena kwenye pampu kama unayeonyesha kidole, maana upande wa ncha ndiko wimbi linakotoka dhaifu kuliko pande zote. Usibonyeze ikiwa kiunoni. Mwili una maji mengi na unameza wimbi. Inyanyue juu ya kichwa, bonyeza sekunde mbili tatu, achia.

Sasa nije kwenye kitufe, na mafundi naomba hapa mnisikilize kwa makini. Vipokezi vingi vina namna tatu za kufanya kazi. Ya kwanza, mota inakwenda muda wote ulioshika kitufe, ukiachia inasimama. Ya pili, kitufe kimoja kinawasha na kilekile kinazima. Ya tatu, kitufe kimoja ni cha kuwasha tu, kingine cha kuzima tu. Ile ya pili usiifunge kwenye pampu iliyo mbali. Mtu amebonyeza, hana hakika, anabonyeza tena. Je, pampu inakwenda au imesimama? Hajui. Anaondoka akiamini amezima, kumbe ameiwasha, na kisima kinakauka usiku kucha mota ikizunguka bila maji. Kwenye ile ya tatu, bonyeza "zima" hata mara ishirini, jibu ni moja.

Rilei ya kipokezi, yaani swichi yake ndogo ya ndani, iwashe koili ya kontakta, basi. Mota isipite humo. Mota ya hosipawa 2 ya fezi moja inavuta karibu ampea 10 ikiwa kazini, na wakati wa kuanza inavuta mara tano hadi saba ya hapo. Rilei ndogo itaungua, na mara nyingi huungua kwa kugandana: pampu inawaka na haizimiki kwa kitufe chochote. Weka ovaloadi, ile inayokata umeme mota ikielemewa. Weka kinga ya kukauka kwa maji. Weka taima ya kuzima pampu baada ya muda uliokubaliana na mkulima, ili betri ya rimoti ikiisha akiwa shambani, pampu isimame yenyewe. Kisha weka taa kwenye nguzo ileile ya antena, na taa hiyo iwashwe na swichi ya presha iliyo kwenye bomba, isiwashwe na kontakta. Ikiwaka, aliye mlimani anajua maji yanapanda kweli, na hapo amerudishiwa jicho.

Kuhusu misimbo, yaani namba ambayo kipokezi hutambulia rimoti yake: rimoti za zamani zenye pini nane za kuunganisha, zikiachwa kama zilivyotoka kiwandani, zinaweza kufanana na za jirani. Badilisheni pini hizo. Zinazojifunza msimbo, zenye bit 20, zina michanganyiko zaidi ya milioni moja. Huko kugongana ni nadra.

Limebaki lile linaloninyima usingizi. Mtu anashuka kisimani kusafisha, au anashika mkanda wa mota, na rimoti iko nyumbani, mtoto anaichezea. Kuiweka rimoti mfukoni hakutoshi, kwa sababu huenda ipo ya pili. Nyingi huuzwa mbili kwa boksi moja. Kuzima kipokezi hakutoshi, kwa sababu rilei inaweza kuwa imegandana. Zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli, na funguo akae nao yule anayeshuka, asikabidhiwe mtu mwingine, hata awe mwenye shamba. Paneli isiyo na mahali pa kupitisha kufuli msiikabidhi kwa mteja. Kataeni, hata akisema ana haraka.

Mkimaliza kufunga, mmoja abaki kisimani na simu, mwingine azunguke shamba lote na rimoti, kona zote, na nyuma ya nyumba. Kila kona awashe na azime, aliye kisimani amwambie alichokiona. Kona iliyokataa iwekeeni alama, na mkulima aonyeshwe kwa macho. Mazao yakiwa marefu, rudini mpime upya. Hiyo ni sehemu ya kazi mliyolipwa.

Paneli niliyokuja nayo iko pale chini ya mwembe, na antena yake tumeshaisimamisha. Twendeni tukaifungue.