Mgeni analala juu ya nini? Mhadhara kwa waongozaji na wagumu wa Kilimanjaro

Waongozaji wenzangu, wapishi, na ninyi wagumu, yaani wapagazi, ambao bila mabega yenu hakuna mgeni angefika kambi ya Barafu, nawashukuru kwa kuja siku ya mvua kama hii. Wanaonifahamu wameshaanza kutabasamu, kwa kuwa wanajua kwamba kila masika, wageni wanapopungua mlimani, mimi husimama mahali fulani hapa Moshi nikasema neno lile lile. Nitalisema tena leo, na sitaliacha mpaka siku nitakapopita kati ya mahema saa tisa usiku nisisikie mtu akijigeuza kama chapati kikaangoni: kabla ya kumuuliza mgeni ana begi la kulalia la aina gani, muulizeni analala juu ya nini.

Miaka kadhaa iliyopita nilimwongoza mzee mmoja wa miaka sitini na kitu, mtu wa mazoezi, aliyejiandaa kuliko wengi. Begi lake la kulalia lilijazwa manyoya ya bata, na lebo yake ilisema linafaa mpaka nyuzi 20 chini ya sifuri. Godoro alikodishiwa na kampuni ambayo sitaitaja: la upepo, nene sentimita saba, laini kweli kweli, na mahali pake halisi palikuwa ufukweni. Tulipofika kambi ya Karanga, karibu mita 4,000, alilala saa mbili usiku. Saa saba usiku akaniita akitetemeka. Msaidizi wangu alidhani ni ugonjwa wa mwinuko, na alifanya vema kudhani hivyo. Tulimpima, tukamuuliza habari za kichwa na tumbo, tukamtembeza kidogo, na mzee alikuwa timamu kabisa. Ndipo nikamwambia anieleze baridi anaisikia wapi. Akajibu kwamba kifua chake kina joto, mikono ina joto, ila mgongo na nyonga ni kama amelazwa mtoni.

Kijana mmoja mgumu, ambaye hata hakuwa ametumwa, alikwenda hema la chakula walimolala akarudi na kipande chake cha sponji, ile ngumu isiyonywa maji, unene wa sentimita mbili, kimechanika pembeni na kunuka mafuta ya taa. Tukakitandika juu ya lile godoro la upepo. Mzee akalala mpaka alipoletewa chai. Yule kijana alimaliza usiku wake akigawana sponji moja na mwenzake, jambo ambalo nitalirudia, kwa maana linanikera mpaka leo.

Sasa, kilichotokea si muujiza. Begi la kulalia halina moto ndani yake. Linachofanya ni kuishika hewa katika manyoya ili joto lako lisikimbie, na manyoya hayo yakilaliwa hubanwa, hewa inatoka, na chini ya mgongo wako kunabaki vitambaa viwili vilivyogusana. Kwa hiyo upande wa chini kinga yako ni godoro peke yake. Na godoro tupu la upepo, hata liwe nene namna gani, ni chumba kimoja kikubwa: kila ukijigeuza hewa yake inazunguka, inachukua joto mgongoni na kulikabidhi ardhini. Bibi yangu huko Marangu hakusoma fizikia, lakini alitandika majani makavu ya mgomba, si majani mabichi, na aliyabadilisha yakishalaliwa sana yakawa bapa. Alijua kwamba kinachotia joto ni vile vijumba vidogo vya hewa iliyotulia katikati ya majani. Sponji ya yule kijana ni majani ya bibi yangu yaliyotengenezwa kiwandani.

Kipimo cha jambo hili kinaitwa R, na kadiri kinavyokuwa kikubwa ndivyo godoro linavyozuia joto kupotea. Zamani kila mtengenezaji alipima kwa namna yake na kujisifu apendavyo, mpaka mwaka 2018 ulipochapishwa utaratibu mmoja wa upimaji, ASTM F3340, na leo namba za kampuni mbalimbali zinaweza kulinganishwa. Naomba mnivumilie kwa hesabu ndogo. Chukulia kwamba sehemu ya mwili inayolalia godoro ni kama mita 0.4 za mraba, na kwamba kati ya ngozi na ardhi kuna tofauti ya nyuzi 30. Kwenye godoro la R 1 ardhi itakunyang'anya karibu wati 68. Kwenye R 2 itachukua 34, na kwenye R 4 itachukua 17. Mtu aliyelala huzalisha kama wati 70 au 80 tu. Maana yake, juu ya godoro la R 1 karibu joto lote unalolitengeneza linakwenda kuupasha mlima, na mlima huu, ndugu zangu, haujawahi kushukuru. Hesabu yangu ni ya makadirio, najua, na begi lililobanwa nalo huongeza kinga kidogo. Lakini mwelekeo wake ndio huo.

Namba hizi, tena, hujumlishwa: sponji ya R 2 ikipangwa pamoja na godoro la R 2 inakupa R 4. Ndiyo maana kipande kilichochanika kilimwokoa mzee wangu. Mimi kwa kambi za Barranco na Karanga sishuki chini ya 3, na kwa Barafu, karibu mita 4,670, nataka 4 au zaidi. Mwenye kusinzia kwa shida usiku wa kwenda kileleni ana sababu za kutosha bila kuongezewa mgongo uliopoa.

Nawasikia wazee wenzangu wakinong'ona pale nyuma kwamba sisi tulilala chini miaka yote na hatukufa. Ni kweli, hatukufa. Wengine wetu pia tulipanda kwa viatu vya mitumba visivyo na soli, na sijamwona anayetaka kumrithisha mwanawe viatu hivyo. Na wapo watakaosema kwamba godoro linaongeza uzito. Sponji ya kukunja ina gramu 400 hivi. Mzigo wa kampuni unaopimwa getini hauruhusiwi kuzidi kilo 20, na ndani yake nimeona meza, viti, na mara moja tikiti maji tatu. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba kilichokosa nafasi ni gramu 400 za mtu anayeubeba mzigo wenyewe. Mgumu naye ana mgongo. Anayekodisha magodoro kumi kwa wageni kumi aanze kuhesabu upya.

Nirudi kwenye kuchagua, maana saa inakwenda. Sponji haitoboki, haihitaji kupulizwa, bei yake ni ndogo, lakini ni nyembamba, na anayelala ubavu ataziona nyonga zake. Godoro linalojijaza lenyewe lina sponji ndani ya mfuko wenye valvu. Lilibuniwa Seattle mwanzoni mwa miaka ya 1970 na wahandisi wawili waliopoteza kazi Boeing pamoja na rafiki yao mpanda milima, na bado ni zuri, ila mengi yanafika gramu 700 na kuendelea. Jepesi kuliko yote kwa joto lake ni godoro la upepo la kisasa lenye matabaka ya kuakisi joto ndani: gramu 370 hivi, R 4.5. Ni ghali, lina kelele ya mfuko wa karatasi, na jiwe moja la Barafu linatosha kulimaliza usiku huo huo. Ndiyo maana mimi hubeba hilo na sponji nyembamba chini yake, na hapo ndipo watu hunicheka.

Harakaharaka yaliyobaki. Godoro la upepo msilipulize kwa mdomo: pumzi ina unyevu unaobaki ndani, na kule juu pumzi yenyewe ni ya kuhesabu, kwa hiyo tumieni mfuko wa kujazia. Aliyepuliza kwa mdomo, hewa yake ikipoa kutoka joto la mwili hadi sifuri inapungua zaidi ya sehemu ya kumi, godoro linalegea, naye anaamka akilaani tundu ambalo halipo. Aongeze hewa kabla ya kulala. Likijazwa mpaka likawa gumu kama ngoma halilaliki. Lijazwe, kisha hewa iachiliwe kidogo kidogo mpaka nyonga izame bila kugusa chini. Tundu la kweli hutafutwa kwa maji ya sabuni. Kuhusu upana, mengi yana sentimita 51, na mtu mwenye mabega mapana atalala mikono ikiwa nje. Nilitaka kusema habari za gundi na viraka, lakini naona mwenyeji wangu anaangalia saa.

Pale kwenye sakafu nimetandika matatu: sponji, la kujijaza, na la upepo. Sakafu ni saruji na leo imepoa vizuri. Msiyabonyeze kwa kidole kama mnanunua papai. Vueni viatu, laleni ubavu, dakika kumi kila moja, kisha muulizane nyonga na bega vinasemaje. Anayetaka kuazima lile la kujijaza kwa safari ya Juni aniandikie jina lake, na akilihifadhi nyumbani asilikunje, alitandaze chini ya kitanda valvu ikiwa wazi.