Maski isijae mvuke: tunaenda Tchegera na tuba

Bajama mambo, karibuni tena, leo tuko ku bwato na maski ya kuangalia chini ya maji na tuba, ile murija ya kuvutia pumzi, tunaenda Tchegera, ile kisiwa ndogo ya parki ya Virunga ndani ya ziwa Kivu yenye imepinda kama mwezi muchanga juu ni mudomo ya volkano ya zamani. Jile ya kuelea mushavaa? Bien, iyo sitaonesha. Tishati musitoe, ziwa iko metri 1,460 juu, jua inachoma mugongo na hausikie juu maji iko baridi.

Maski. Kama ni mupya, kazi inaanzia ku nyumba: dawa ya meno ya nyeupe, si ile ya jeli, unapakaa ndani ya kiyoo, unasugua na kidole, unaosha, unarudilia. Kuko mafuta ya fabriki yenye hauone na macho, njo inaletaga mvuke. Kiyoo ya plastiki usijaribu, itakwaruzika.

Pima. Bila mukamba, bandika ku uso, vuta pumzi na pua, achilia mikono. Imeshika? Sawa. Imeanguka, kuko nywele ndani. Bamama ya kusuka, toeni kila unywele ku mupira. Papa wa mustashi, pakaa vazelini apa chini ya pua ao nyoa, mi nilinyoa, bibi yangu alicheka wiki muzima.

Ngojeni... mudogo wangu ameweka simu ndani ya sashe, nayo inajaa mvuke. Panguza. Aya.

Tema mate ndani. Ndiyo, mate. Sugua, chovya mara moja tu, vaa. Na apa munisikilize: usipandishe maski ku paji ya uso. Ata kidogo! Paji iko na jasho na moto, kiyoo inajaa mvuke tena, mate yako yote bure. Yangu ya kwanza nilipandisha vile juu nisemeshane na mwenye bwato, wimbi kamoja, pwaa. Ziwa yetu katikati inafika karibu metri 480, ata apa ku ukingo mawe inashuka palepale, nikabakia naangalia kiyoo inametameta, inashuka, inashuka, kijani ikaimeza. Dola makumi tatu. Ukipumuzika, shusha ku shingo. Ku shingo! We mudogo, na weye? Shusha!

Tuba: uma mupira na meno, funga midomo. Maji ikiingia usivute, puliza "TU!" na nguvu, kisha vuta polepole.

Matumbawe hakuna, musikuje kutafuta Zanzibar. Ni lava nyeusi, tilapia, kaa zenye kujificha, na jua inachora mistari ku mawe, mi iyo tu inanitosha. Sambaza, zile samaki ndogo, ziko mbali katikati, zililetwa toka ziwa Tanganyika mwaka 1959, mi nazionaga ku sahani, na bugali na pilipili.

Mazuku sifanyie muchezo. Ni gazi ya kaboni (CO2), nzito kuliko hewa, haina rangi, inalala ku mashimo na ku kando fulani za ziwa upande wa Goma na Sake, na mutu wa tuba anavutia pumzi palepale juu ya maji. Ukiona ndege ao mujusi amekufa ndani ya shimo, toka. Uliza wenyeji mbele ya kuingia, fasi yoyote.

Mukirudia, anika maski ku kivuli. Nakodisha maski na tuba dola tano kwa siku, mate ni yako.