Ultrasaundi iko safi, tumbo bado linauma: usikubali kuishia hapo

Habari za huko nyumbani, dada zangu, mama zangu, na nyie kaka mnaoangalia kimya kimya kwa sababu mke au binti ameshindwa kuinuka kitandani. Ya leo ni ya yule anayeumwa kila mwezi, akaenda hospitali, akarudishwa na neno moja: "Kawaida." Au lile la bibi zetu: "Ni chango hilo, ukizaa litakwisha."

Chango tumelibebesha kila kinachouma chini ya kitovu, na tukishalitaja tunaacha kuuliza. Ndani ya chango hilo kuna ugonjwa wenye jina lake hospitalini: endometriosisi. Nyama zinazofanana na utando wa ndani ya kizazi zinaota pasipo mahali pake: kwenye ovari, nyuma ya kizazi, kwenye utumbo, kwenye kibofu. Hedhi ikija nazo zinavimba na kuvuja damu, na damu hiyo haina pa kutokea. Baada ya muda panabaki makovu yanayogandisha viungo vilivyotakiwa kuteleza. Shirika la Afya Duniani linakadiria wanawake na wasichana wapatao asilimia 10 walio katika umri wa kuzaa wanao. Kwetu aliyelisema hadharani ni Millen Magese, Miss Tanzania wa 2001, aliyepasuliwa mara nyingi. Wala msidhani huku Uingereza ni peponi: ripoti ya 2024 ya shirika la Endometriosis UK ilikuta wastani wa kusubiri jibu ni miaka 8 na miezi 10.

Sasa kosa linaanzia wapi? Mara nyingi linaanzia kwenye neno "tumbo". Kiswahili chetu tumbo linaanzia mbavuni mpaka kinenani. Wewe unasema "tumbo linaniuma", daktari anakusikia kwa Kiswahili, faili anaandika kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza imekuwa "stomach", tumbo la chakula. Unatoka na dawa za vidonda vya tumbo! Kwa hiyo weka kidole. Sema "hapa, chini ya kitovu, upande wa kushoto, linashuka mpaka pajani". Kama inauma ukienda haja kubwa siku za hedhi, sema. Kama inauma ndani kabisa wakati wa tendo la ndoa, sema, hata kama aliyekaa mbele yako ni kijana wa umri wa mdogo wako. Hizo mbili ndizo zinazomfanya daktari afikirie endometriosisi, na ndizo tunazozificha kwa aibu.

Kosa la pili ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Huko nyumbani ukisema chini ya kitovu panauma, unapewa antibayotiki kabla hujakaa vizuri. Mwezi unaofuata unarudi, unaambiwa UTI sugu. Omba mkojo uoteshwe maabara waone kama kuna mdudu, siyo kuchovywa kijiti tu. Ukioteshwa mara 2 au 3 na hakuna mdudu aliyeota, halafu maumivu yanarudi siku zile zile za mwezi, basi hiyo UTI imetajwa bila ushahidi. Weka hayo majibu, utayahitaji.

La tatu ndilo linalowamaliza wengi: ultrasaundi. Umelipa, umepimwa, karatasi imeandikwa kila kitu kiko sawa. Ultrasaundi inaona vizuri uvimbe mkubwa, kwa mfano ule wa ovari uliojaa damu nzito ya rangi ya chokoleti. Vidonda vya milimita chache vilivyolala juu ya utando wa tumbo kwa kawaida haivioni. Ya kupitia ukeni inaona zaidi kuliko ya juu ya tumbo, na mpimaji aliyefundishwa kutafuta ugonjwa huu anaona zaidi kuliko anayetafuta mimba siku nzima. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya matibabu inayofuatwa na madaktari wa huku, unasema wazi kwamba picha safi haiondoi endometriosisi. Kwa hiyo akikwambia "uko safi", muulize taratibu: "Kipimo hiki kinaweza kuuona ugonjwa huu ukiwa mdogo?" Halafu unyamaze, umwache ajibu.

Mwili wako umeshasema. Tatizo daktari ana foleni nje, na ukimwambia "inauma sana" ameshalisikia hilo tangu asubuhi. Chukua daftari la kawaida, andika hedhi 3 mfululizo. Siku ya 1 ni siku damu inapotoka kweli, matone ya kahawia hayahesabiwi. Kila siku andika maumivu yanapouma na ukubwa wake kuanzia 0 hadi 10, lakini zaidi andika kilichokushinda: sikwenda kazini, sikuweza kusimama jikoni, nilitapika saa 4. Namba 8 inabishiwa. Siku 4 bila kwenda kazini zinaingia kwenye faili. Andika na pedi: ukibadilisha kila saa moja au mbili, au mabonge yanazidi sentimita 2.5, hiyo ni damu nyingi. Hapo omba picha nzima ya damu pamoja na feritini, kwa sababu hemoglobini inaweza kuonekana nzuri huku akiba ya chuma imekwisha.

Dawa nazo ziandike na saa ulizomeza. Wengi wanasubiri mpaka wanabiringika sakafuni ndipo wanameza, halafu wanasema haifanyi kazi. Ibuprofeni inazuia kemikali za maumivu zisitengenezwe, kwa hiyo inaanzwa dalili ya kwanza tu: miligramu 400 mara 3 kwa siku, baada ya kula, kwa siku chache. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochokozwa na dawa hizi, au anayehisi ana mimba, asiiguse kabla ya kuuliza. Ukiimeza sawasawa hedhi 3 na bado umelala chini, umepata sentensi yako: "Daktari, nimetumia kwa dozi kamili miezi 3, haijasaidia. Naomba tufikirie endometriosisi, na naomba rufaa kwa daktari wa wanawake." Akikataa, mwombe aandike kwenye faili kwamba umeomba na kwa nini amekataa. Ajabu, hapo wengi hubadili mawazo.

Matibabu hayasubiri lazima upasuaji wa matundu, ule wa kuingiza kamera tumboni kuthibitisha ugonjwa. Mwongozo wa Ulaya wa 2022 unaruhusu kuanza dawa za homoni kwa dalili tu. Mwongozo huo huo unasema mwanamke asishauriwe kubeba mimba ili apone. Nirudie kwa ajili ya mama mkwe: mimba si dawa ya ugonjwa huu.

Mkifika kwenye upasuaji, uliza kabla ya kusaini: daktari ataondoa vidonda hivyo kwa kukata au kwa kuchoma, na nyama itapelekwa maabara? Karatasi ya majibu ya maabara ni yako, ichukue nakala.

Kuna mambo hayasubiri daftari. Maumivu ya ghafla ukiwa umekosa hedhi, kuzimia, maumivu ya bega pamoja na tumbo: hiyo inaweza kuwa mimba nje ya kizazi, nenda saa hiyo hiyo. Kifua kubana au pumzi kukata kila ukiwa mwezini, pia nenda, na useme tarehe zinavyolingana na hedhi. Mtangazaji Njambi Koikai wa Kenya, aliyefariki Juni 2024, endometriosisi yake ilikuwa imefika kifuani na mapafu yalikuwa yakisinyaa. Daktari wa kifua hatakuuliza hedhi yako ilianza lini. Mwambie wewe.