Uwanja wa Chuo Ni wa Nani Saa Kumi na Mbili Jioni?

KEVO: Karibuni tena wasikilizaji, mimi ni Kevo, niko na Achi kama kawaida, na leo ni mazoezi chuoni, maana ukipita uwanja wa karibu chuo chochote hapa Nairobi jioni utakuta mpira mmoja, wanaume thelathini wanaufukuza, na mademu wamekaa pale kwa ngazi na simu.

ACHI: Kwa hivyo sisi ni wavivu. Sema tu.

KEVO: Ai, sijasema! Lakini Shirika la Afya Duniani lilitoa takwimu 2024, za mwaka wa 2022, asilimia 31 ya watu wazima duniani hawafanyi mazoezi ya kutosha. Wanawake ni 34, wanaume 29.

ACHI: Na kutosha ni ngapi, juu watu hudhani ni marathoni.

KEVO: Dakika 150 kwa wiki, ile kutembea haraka unahema kidogo lakini bado unaweza piga stori. Ama 75 za kujiua kabisa. Na misuli angalau siku 2.

ACHI: Haya. Sasa mtu anatoka Kahawa Wendani kwa mguu, anavuka Thika Road kwa lile daraja, anafika chuo anapanda ghorofa nne, lifti imekufa tangu zamani, Jumamosi anainamia beseni anafua mashuka. Huyo utamwambia hasongi? Kwa kutembea mimi sioni mkituacha. Mnatuacha kwa mpira na kwa vyuma.

KEVO: Wee, kufua nako ni mazoezi?

ACHI: Ile fomu ya Shirika la Afya Duniani ya kupima mazoezi inauliza kazi, usafiri na burudani, na kazi za nyumbani zinaingia kwa kazi, mradi moyo unapiga na umefululiza angalau dakika 10. Sasa ukienda kuuliza wanafunzi "unacheza mchezo gani?" peke yake, kufua na kutembea zote zimepotea.

KEVO: Sawa, lakini uwanja ni wa bure, nani amewafukuza?

ACHI: Hebu hesabu na mimi. Lekcha inaisha saa kumi na moja, unarudi hosteli unabadilisha, ni na nusu. Jua la Nairobi mwaka mzima linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja, hapa ni karibu na ikweta, hakuna jioni ndefu. Taa za uwanja hakuna. Wewe giza likiingia unaendelea kupiga mpira, mimi nimeshaanza kufikiria ile njia ya nyuma ya maktaba. Na hilo lisaa limoja nililo nalo, uwanja umejaa nyinyi.

KEVO: Asubuhi je? Arboretum, ile bustani ya miti, iko hapo tu.

ACHI: Saa kumi na moja na nusu alfajiri, peke yangu, State House Road? Kevo bana.

KEVO: Jimu basi.

ACHI: Jimu! Unashika chuma tu, msee amekuja kukufundisha skwoti na hujamuomba. Na nywele, msicheke, mtu amesukwa elfu mbili na mia tano, jasho la siku tatu na kichwa kinawasha, maji ya hosteli nayo yanakuja yakitaka.

KEVO: Na hii ni nchi ya Faith Kipyegon, mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 48.68, rekodi ya dunia hiyo!

ACHI: Na tunampenda sana, lakini rekodi yake haiwashi taa kwa uwanja wa mtu anayesomea uhasibu. Mimi nataka taa, na siku mbili kwa wiki uwanja uwe wa wasichana, kwa ratiba, imeandikwa.

KEVO: Siku mbili nzima?! Manze sisi tutaenda wapi?

ACHI: Kwa ngazi. Simu mnazo.